Cheti cha Sheria Kinamfikisha Wapi Kijana wa Rwamishenye

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, kwa kawaida mwishoni mwa Januari, steshenari za Rwamishenye, mjini Bukoba, hujaa watu tangu asubuhi mpaka taa zinapowashwa. Mmoja anataka kuchapishiwa matokeo, mwingine anatafuta namba yake ya NIDA, wa tatu anajaza maombi ya Jeshi la Polisi kwenye mtandao. Pembeni yupo mzazi aliyeshuka kwenye hiace ya Kemondo, mkononi kashika karatasi ya mwanawe: division four, pointi 28. Anauliza jambo moja tu. Kijana anasema anataka kusoma sheria ngazi ya cheti, awe polisi au afanye kazi mahakamani. Je, pesa itoke?

Swali hilo linaulizwa Rwamishenye, linaulizwa Muleba mjini, linaulizwa Kamachumu. Majibu yanayotolewa huwa mafupi mno. Kuna wanaosema "somesha tu, elimu haiozi," na kuna wanaosema sheria ni ya wenye division one. Wote wawili wanamwacha mzazi palepale alipokuwa, naye ndiye atakayeuza kahawa.

Haki jinai ni kazi ya vyombo vingi, na kila chombo kina mlango wake. Polisi wanakamata na kupeleleza. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka inapeleka kesi mahakamani. Mahakama inasikiliza na kuamua. Magereza wanapokea waliofungwa, na maofisa wa uangalizi wanawasimamia wale wanaotumikia adhabu nje ya gereza chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002. Kijana anayesema "nataka mambo ya sheria" hana budi kuulizwa ni mlango upi, kwa sababu cheti cha sheria kinafungua baadhi tu, na ule anaoutamani zaidi mara nyingi haukihitaji kabisa.

Polisi ni mfano wa wazi. Askari hafundishwi na chuo alichojilipia ada. Anachaguliwa kwanza, kisha anapelekwa Shule ya Polisi Moshi kwa gharama ya serikali. Magereza nao wana chuo chao Ukonga. Matangazo ya ajira ya Polisi ya miaka ya karibuni yanapokea kidato cha nne, mradi mwombaji awe na umri wa miaka 18 hadi 25, awe Mtanzania wa kuzaliwa na awe na kitambulisho au namba ya NIDA. Kijana wa miaka 22 akienda kusoma cheti kwa miaka miwili kwa nia ya kuingia polisi, anarudi na miaka 24, na dirisha la kidato cha nne limebaki kidogo tu kufungwa. Wenye stashahada na shahada huongezewa umri, ni kweli, lakini nafasi zao hutolewa kwa fani ambazo Jeshi linazitaka mwaka huo: udereva, ufundi, afya, tehama. Aliye na hamu ya upolisi afadhali ashughulikie NIDA yake mapema. Kwa mkoa unaopakana na Uganda, Rwanda na Burundi, hilo si jambo dogo. Wapo vijana wa Kagera waliozaliwa hapa, wazazi wao wakazaliwa hapa, ambao kitambulisho kimewachelewesha kuliko ufaulu.

Upande wa mahakama, hadithi ni ndefu zaidi, na ndiyo inayowapotosha wazee. Babu anayemshauri mjukuu wake asome cheti cha sheria "awe hakimu" hadanganyi. Anakumbuka zama zake. Mzumbe ilianza mwaka 1953 ikiwa shule ya serikali za mitaa, ikifundisha machifu na watumishi wao, na baada ya Uhuru ikafundisha mahakimu wa mahakama za mwanzo. Mtu mwenye elimu ya kawaida alisoma kozi, akarudi wilayani, akakaa kwenye kiti cha hakimu. Baadaye kikaja Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998, ambacho mpaka leo kinatoa astashahada na stashahada ya sheria. Lakini masharti ya kiti yamepanda. Anayeajiriwa sasa kuwa Hakimu Mkazi anatakiwa awe na shahada ya sheria na awe amepita Law School of Tanzania, na mahakimu hao ndio wanaopangiwa hata mahakama za mwanzo. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili mawakili, waliokuwa wamezuiwa miaka yote, waweze kusimama kwenye mahakama ya mwanzo inayoongozwa na Hakimu Mkazi. Chumba ambacho zamani mwenye cheti alikuwa mkubwa wake, leo mwenye cheti anaingia kama karani, au haingii.

Na hiyo Law School si njia tambarare. Mwaka 2022 matokeo yake yaliitikisa nchi. Kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na 265 walishindwa kabisa. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe kuchunguza chanzo. Hao 633 wote walikuwa tayari na shahada. Mzazi anayewaza wakili mwishoni mwa safari ahesabu yote: cheti, stashahada, shahada ya miaka mitatu au minne, halafu Law School, na kila hatua ina ada yake.

Sasa pesa. Vyuo vinatofautiana, kwa hiyo hapa itachukuliwa bei ya mfano tu, na kila mzazi aweke tarakimu za chuo chake. Tuseme ada ni 1,200,000 kwa mwaka. Chumba cha 40,000 kwa miezi 10 ni 400,000. Chakula cha 4,000 kwa siku 300 ni 1,200,000. Nauli, vitabu, mitihani na mafunzo ya vitendo, weka 400,000, na anayekwenda mbali kama Lushoto aongeze. Jumla ni 3,200,000 kwa mwaka mmoja.

Mwaka mmoja hautoshi. Hapa ndipo wengi wanapoumia, maana ngazi za NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, hazifafanuliwi vizuri kwa wazazi. Mwenye D nne za masomo yasiyo ya dini anaingia NTA ngazi ya 4, astashahada ya awali, mwaka mmoja. Akiendelea anapata ngazi ya 5, kisha ya 6 ambayo ni stashahada. Matangazo mengi ya ajira serikalini yanayotaja cheti yanataka ngazi ya 5. Mwanafunzi anayemaliza ngazi ya 4, akapigwa picha na joho, akarudi nyumbani akidhani amemaliza, anakuja kugundua mbele ya kompyuta kwamba mfumo haumpokei. Kwa hiyo hesabu ya haki ni ya miaka miwili: 6,400,000.

Kwa familia ya Bukoba au Muleba kiasi hicho kinapimwa kwa kahawa. Msimu wa 2024 minada ya Kagera ilipandisha bei ya kahawa ya maganda ikavuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kwa bei hiyo cheti cha miaka miwili ni kilo 1,600 za maganda. Mkulima anayeuza kwa mnada msimu mzuri anaweza kuubeba mzigo huo kidogo kidogo. Lakini ada haingoji msimu. Inadaiwa Oktoba au Machi, kahawa ikiwa bado mtini, na hapo ndipo butura inapoingia: mtu anakuja na fedha taslimu, ananunua matunda ambayo hayajaiva kwa bei anayoitaka yeye. Akinunua kwa nusu, kilo 1,600 zimekuwa 3,200. Serikali imekemea butura mara nyingi, na bado inaendelea, kwa sababu shida ya mkulima ni tarehe, na ada ya chuo ni moja ya tarehe hizo. Kijana akisomeshwa kwa butura, gharama halisi ya cheti chake haionekani kwenye risiti yoyote ya benki.

Mkopo wa serikali hauko upande wake. Bodi ya Mikopo ilipoanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24, ilichagua fani za kipaumbele kama afya, ualimu wa sayansi, uhandisi, usafiri, madini na kilimo. Sheria haikuwemo, na ngazi ya cheti haikuguswa.

Halafu kuna Burugo. Chuo cha VETA cha Mkoa wa Kagera, kilichojengwa kwa msaada wa China, hakiko mbali na Rwamishenye, na ada ya VETA za serikali ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Umeme, uchomeleaji, ufundi magari, ushonaji. Mzazi mwenye kijana asiye na hamu ya kweli na vitabu vya sheria, anayekwenda cheti kwa sababu tu "amekosa five", ana wajibu wa kuiweka ada hiyo bega kwa bega na ile ya cheti cha sheria kabla hajalipa. Tena fundi umeme mwenye cheti cha VETA anahesabiwa hata Polisi.

Je, basi cheti cha sheria hakina kazi? Kinayo, na iko karibu kuliko watu wanavyofikiri. Iko kijijini.

Tangazo la nafasi ya Mtendaji wa Kijiji linalotolewa na halmashauri nchini lina maneno yanayojirudia: kidato cha nne au cha sita, aliyehitimu astashahada katika utawala, sheria, elimu ya jamii, usimamizi wa fedha, maendeleo ya jamii au sayansi ya sanaa, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Sheria imetajwa kwa jina. Na kwenye majukumu ya kazi imeandikwa kwamba mtendaji ni mlinzi wa amani, msimamizi wa ulinzi na usalama wa raia na mali zao. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa serikali ni shilingi 500,000. Kijana anayelipwa hivyo, akimrudishia mzazi 100,000 kila mwezi, atakuwa amelipa zile 6,400,000 kwa miezi 64, miaka mitano na zaidi. Si muujiza, lakini ni hesabu inayofungika. Linganisha na mwenye cheti hichohicho anayeishia ulinzi wa kampuni binafsi. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha 148,000 kwa mlinzi wa kampuni ndogo. Kazi hiyo ni halali na ina heshima yake, ila haihitaji cheti cha sheria, na kwa mshahara huo deni la ada halilipiki.

Ushindani wa nafasi za serikali nao usemwe bila kupakwa sukari. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596 na maombi yaliyopokelewa yalikuwa 135,027. Utendaji wa kijiji hauvuti umati wa namna hiyo, lakini usaili wa mchujo upo, na anayeuingia akiwa amesoma kwa kukariri hutoka mapema.

Thamani ya cheti hicho, kwa upande wa jamii, inaonekana ukitazama mashauri ya Kagera yanaanzia wapi. Mengi yanaanzia kwenye kibanja, shamba la nyumbani. Mpaka umesogezwa, migomba imekatwa usiku, shangazi amenyimwa urithi, mtu kapigwa panga la bega. Asubuhi wanakuja kwa mtendaji. Kesi ya mpaka inageuka ya kuingia kwa jinai, ya migomba inageuka ya kuharibu mali, na kama mtu wa kwanza kuipokea hajui tofauti, watu wa ukoo mmoja wanajikuta rumande kwa jambo ambalo lilihitaji wazee na kamba ya kupimia. Tangu mwaka 2021 mabaraza ya kata yamebakiwa na kazi ya kusuluhisha migogoro ya ardhi, hayaamui tena. Mjumbe au mtendaji asiyelijua badiliko hilo bado anaandika "hukumu", watu wanailipia, na ikifika mbele inatupwa.

Mfano mkubwa kuliko yote umetoka Muleba. Mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, alirithishwa na baba yake shamba la ukoo kwa wosia. Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha akidai kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Kashasha wakakubaliana naye, kwa kuwa kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilisema hivyo. Mahakama ya Wilaya Muleba ikaugeuza uamuzi huo, ikitazama Haki za Binadamu zilizokuwa zimeingizwa kwenye Katiba. Mpwa akakata rufaa Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba kanuni inayombagua mwanamke katika kuuza ardhi ya ukoo haiendani na Katiba. Uamuzi huo unafundishwa vyuo vya sheria Afrika nzima na nje yake.

Lilikuwa shauri la madai, si la jinai. Lakini linaonyesha jinsi haki ya mkoa huu inavyoanza chini kabisa, kwa watu wa ngazi ya kijiji na mahakama ya mwanzo, na jinsi mtu mmoja anayeijua Katiba anavyoweza kubadili maisha ya wanawake wasiohesabika. Kwa sababu hiyo kumdharau mwenye cheti ni kosa. Mkoa unawahitaji watu hao, tena wawe wazuri.

Upande wa jinai haja ni kubwa zaidi. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipokea malalamiko ya wananchi mikoani na kumkabidhi Rais Samia ripoti yake Julai 2023, ikipendekeza mageuzi makubwa katika Jeshi la Polisi na upelelezi. Malalamiko mengine hayangojei mageuzi makubwa. Mwananchi hajui kwamba dhamana ya polisi hailipiwi. Hajui kwamba aliyekamatwa kwa kosa la kawaida anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au aachiwe kwa dhamana. Mtendaji, karani au msaidizi wa kisheria anayeyajua mambo hayo mawili, na mwenye ujasiri wa kuyasema kwa heshima mbele ya mkuu wa kituo, ameokoa mbuzi na magunia ya kahawa mengi.

Kuhusu wasaidizi wa kisheria, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua na kuwataka wasajiliwe. Ni huduma, haitozwi pesa. Kijana anaweza kuifanya akisubiri ajira, ajifunze na ajulikane. Asichoweza ni kufungua meza karibu na mahakama na kuandika mikataba na hati kwa malipo. Hiyo ni kazi ya wakili, na anayeifanya bila sifa anatenda kosa. Mawakili vishoka wengi walianza hivyohivyo, wakiwa na cheti mfukoni na njaa tumboni. Inasikitisha kuona kijana aliyesomea kulinda sheria anashtakiwa kwa kuivunja.

Lipo jambo moja ambalo vyuo havilisemi kwenye vipeperushi. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kisheria, na ofisi ya kijiji haijawahi kuwa na lugha nyingine ya kazi. Lakini darasani sheria bado inafundishwa kwa Kiingereza. Mwenye D nne anapambana na lugha mwaka mzima, anakariri maneno, kisha anarudi Izigo au Kagoma kumweleza bibi haki yake kwa Kiswahili ambacho chuo hakikumfundisha. Kwa ngazi ya cheti, ambayo mhitimu wake atahudumia wananchi uso kwa uso, ingekuwa busara kufundisha kwa lugha ambayo kazi itafanyika. Anayepanga kupanda hadi shahada atakutana na Kiingereza huko mbele, na hao ni wachache.

Kupanda kunawezekana. Stashahada yenye wastani wa 3.0 inampa mtu nafasi ya kuomba shahada, na Chuo Kikuu Huria kina kituo Bukoba, kwa hiyo mtendaji wa kijiji anaweza kusoma sheria jioni akiendelea kulipwa. Kwa kijana wa division four hiyo ndiyo njia yenye akili kuliko zote: cheti cha ngazi ya 5, kazi, kisha stashahada na shahada kwa mshahara wake mwenyewe bila kugusa kahawa ya baba. Ni safari ndefu, lakini kila kituo kina chakula. Kwa aliyepata division two na ana nafasi ya kidato cha tano, cheti ni kupoteza muda. Aende five.

Kabla ya kulipa, mzazi aangalie jina la chuo kwenye orodha ya NACTVET na ahakikishe kwamba programu ya sheria yenyewe imesajiliwa, maana chuo kinaweza kuwa na usajili na kozi ikakosa. Aulize kama ngazi ya 5 inatolewa palepale. Aulize kama ada inalipwa kwa awamu na kama awamu hizo zinaweza kufuata msimu wa mnada. Na aulize wahitimu wa miaka miwili iliyopita wako wapi. Fomu za kujiunga zina kurasa za sare, godoro, ndoo na rimu ya karatasi, na hazina hata mstari mmoja unaoonyesha wangapi waliajiriwa, kazi gani na wilaya ipi. Halmashauri za Bukoba na Muleba, ambazo ndizo zinazotangaza nafasi za watendaji, zinaweza kuvidai vyuo takwimu hizo na kuzibandika kwenye mbao za matangazo za kata kila Februari, fomu zinapoanza kugawiwa.